Rangi ya bluu inaporudi: kutafuta kosa kwenye kipimo cha madini joto ya chumvi

Chumvi ya pwani yetu, kuanzia Kilwa kushuka Lindi mpaka Mikindani, huanikwa juani kwenye mashamba ya chumvi, kisha hunyunyiziwa potasiamu ayodeti ndipo iitwe chumvi yenye madini joto, yaani ayodini. Kwa macho huwezi kujua kama imenyunyiziwa ya kutosha. Inabidi upime, na kipimo chenyewe ni titresheni, yaani kuongeza dawa ya nguvu inayojulikana kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike, ambayo hata maabara ya shule ya sekondari inaimudu. Nimeifanya miaka kadhaa na wanafunzi wangu hapa Lindi, na nimeona karibu kila namna inavyoweza kukupotosha. Haya yafuatayo ni kwa mwalimu au fundi wa maabara aliye na bureti moja (mrija wa kioo wenye alama za mililita na koki chini), mizani moja na jibu ambalo halimkai moyoni.

Kwanza njia yenyewe, ili tuwe tunazungumzia kitu kimoja. Pima gramu 10 za chumvi na uziyeyushe kwenye mililita 50 za maji safi. Tia mililita 1 hadi 2 za asidi ya salfuriki ya molari 1 (molari ni nguvu ya mmumunyo, moli kwa lita), kisha mililita 5 za potasiamu ayodaidi ya asilimia 10. Funika chupa na uiweke gizani dakika 10. Ayodeti ya kwenye chumvi inaigeuza ayodaidi kuwa ayodini, na maji yanakuwa ya njano. Teremsha sodiamu thayosalfeti ya molari 0.005 kutoka kwenye bureti mpaka njano ibaki hafifu sana, ndipo utie mililita 2 za mmumunyo wa wanga wa asilimia 1. Rangi inaruka kuwa bluu ya zambarau, nzito inayokaribia nyeusi. Endelea tone kwa tone mpaka iondoke kabisa. Mililita ulizotumia zidisha kwa 10.58, unapata miligramu za madini joto kwa kilo moja ya chumvi.

Hiyo 10.58 usiikariri tu, jua inakotoka. Ayodeti moja inazaa ayodini ya kutosha kula thayosalfeti sita. Kwa hiyo mililita 1 ya molari 0.005 ni milimoli 0.005, gawanya kwa 6, zidisha kwa 126.9 ambayo ni uzito wa atomu ya ayodini, kisha panua kutoka gramu 10 hadi kilo. Anayeijua njia hii, siku thayosalfeti yake ikitoka molari 0.0048 atarekebisha hesabu. Asiyeijua ataendelea kuzidisha kwa 10.58.

Chumvi inayofika jikoni inatakiwa iwe na kati ya miligramu 15 na 40 kwa kilo. Chini ya hapo rovu linarudi, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi kwa sababu ubongo wake unahitaji madini hayo ukiwa bado unajengeka. Ndiyo maana silichukulii jibu lisilo sahihi kama kosa la darasani.

Jambo moja kabla ya dalili. Jibu likikushangaza, chumvi ndiyo iwe ya mwisho kushukiwa. Anza na mkono wako, nenda kwenye vyombo, kisha maji, kisha dawa zilizo kwenye chupa. Na kila unaposhuku kitu, jiulize kitalisukuma jibu upande gani. Kosa linaloongeza haliwezi kuwa chanzo cha jibu lililopungua. Swali hilo peke yake hufuta nusu ya washukiwa.

Bluu imeondoka, umeshusha pumzi, halafu imerudi

Hapa angalia saa. Ikirudi baada ya dakika kadhaa, tena polepole ikianzia juu kwenye uso wa maji, hiyo ni hewa. Oksijeni inaisumbua ayodaidi iliyobaki ndani ya asidi na kutoa ayodini kidogo. Haihusiani na chumvi. Soma bureti pale rangi ilipoondoka mara ya kwanza na kukaa angalau nusu dakika, andika, mwaga.

Ikirudi ndani ya sekunde chache, ukaiondoa, ikarudi tena, hapo kuna jambo. Mara nyingi nililoliona ni haraka: mwanafunzi amesubiri dakika mbili badala ya kumi, au asidi ni kidogo. Ayodeti haijamaliza kazi, na kila unapodhani umefika mwisho inazaa ayodini nyingine. Rudia na sampuli mpya, tia asidi kwa pipeti badala ya kukadiria, na uheshimu dakika kumi.

Ukitimiza hayo na bado inarudi, tazama kama chumvi imegusana na chuma chenye kutu au shaba. Chuma kilichopata kutu na shaba vyote hutoa ayodini kutoka kwenye ayodaidi vikiwa ndani ya asidi. Niliwahi kuletewa chumvi iliyochotwa kwa koleo lililoliwa na kutu, na punje zake ukizitandaza kwenye karatasi nyeupe zilikuwa na madoa ya hudhurungi madogo kama mbegu za mchicha. Sampuli ya aina hiyo usihangaike nayo. Omba nyingine iliyochotwa kwa kijiko cha plastiki.

Joto na mwanga vinaongeza tatizo hili. Meza iliyo chini ya dirisha linalopigwa na jua la saa saba siyo mahali pa titresheni hii.

Maji matupu nayo yanatoa rangi

Hili ni jaribio ambalo wengi hulikwepa kwa kuliona kama upotevu wa dawa. Fanya kila kitu kama kawaida lakini usiweke chumvi: maji, asidi, ayodaidi, giza dakika kumi, wanga. Ikibaki bila rangi, vizuri. Ikiwa bluu, una ayodini isiyotoka kwenye chumvi, na majibu yako yote ya siku hiyo yamezidi.

Mshukiwa wa kwanza ni ayodaidi yenyewe. Mmumunyo wake ukiwa mpya hauna rangi kama maji. Ukikaa kwenye mwanga unakuwa wa njano, na hiyo njano ni ayodini tayari. Tengeneza mwingine, kidogo kidogo, kwenye chupa ya kahawia.

Mshukiwa wa pili ni maji. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yatakudanganya, kwa sababu klorini nayo inatoa ayodini kutoka kwenye ayodaidi. Fanya hesabu uone ukubwa wake: maji yenye klorini miligramu 0.5 kwa lita, ukitumia mililita 50, yanakula thayosalfeti mililita 0.14 hivi. Hiyo ni kama miligramu 1.5 za madini joto kwa kilo ambazo hazipo. Kwa chumvi yenye 30 si kitu. Kwa chumvi iliyo kwenye mpaka wa 15 ni tofauti ya kupita na kutopita.

Wengi wetu tunanunua maji ya betri kwenye maduka ya vipuri vya magari. Yanafaa, ila soma kibandiko vizuri, maana chupa ya maji na chupa ya asidi ya betri hukaa rafu moja na hufanana. Kila dumu jipya lifanyie jaribio tupu kabla hujaliamini. Kama jaribio tupu linatoa 0.05 au 0.10 kila mara na huna maji mengine, toa kiasi hicho kwenye kila usomaji na ukiandike daftarini.

Maji ya visima vya huku kwetu, vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, usiyatumie kabisa kutengenezea dawa. Mengi ni magumu, yamejaa kalsiamu.

Hakuna rangi kabisa

Umetia wanga na maji yamebaki meupe. Usiandike sifuri bado. Inawezekana kweli chumvi haina kitu. Inawezekana pia umesahau asidi, na bila asidi ayodeti na ayodaidi hukaa chupa moja bila kugusana. Inawezekana wanga umeoza. Na inawezekana chumvi ilitiwa madini joto ya aina ya ayodaidi badala ya ayodeti. Njia hii haiioni hata ikiwa tele.

Kuzitenganisha ni rahisi. Chukua chupa ileile iliyokataa rangi na udondoshe mililita moja ya mmumunyo wa ayodeti ambao unaijua nguvu yake. Ikigeuka zambarau papo hapo, asidi ipo, ayodaidi ipo, wanga ni mzima, na chumvi ndiyo isiyo na ayodeti. Ikibaki nyeupe, kosa liko mezani kwako. Jaribio hili ni la dakika moja, na limenizuia mara mbili kumwambia mtu neno zito ambalo lisingekuwa kweli.

Wanga unagoma

Wanga ukitiwa mapema, ayodini ikiwa bado nyingi, hushikana nayo na kutengeneza vipande vyeusi vinavyoelea kama masizi. Thayosalfeti haivifikii upesi ndani, kwa hiyo mwisho unavutika na unapitiliza. Subiri njano ififie kwanza. Weka karatasi nyeupe chini ya chupa, maana bila hiyo jicho litakuambia njano imeisha wakati bado ipo.

Wanga wa muhogo unafaa, na kwetu muhogo haukosekani. Ukune muhogo, chuja, acha utuame, anika ule unga mweupe. Koroga kidogo kwenye maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, acha upoe. Rangi yake huelekea zaidi kwenye zambarau kuliko ule wa dukani, lakini inapotea vizuri. Tatizo lake ni kuharibika. Kwa joto letu, wanga wa juzi tayari una utando na harufu, na rangi yake inakuwa nyekundu chafu isiyoondoka sawasawa. Pika kila asubuhi ya kazi.

Majibu yanatawanyika

Sampuli moja, mara tatu: 22, 31, 17. Hapa ndipo pana mambo mengi, na hapa ndipo watu huchukua wastani na kwenda nyumbani. Wastani wa makosa matatu bado ni kosa.

Tenganisha kwanza mkono na chumvi. Pima ayodeti inayojulikana, mililita 10, mara tatu. Kama majibu yanakaribiana ndani ya mililita 0.1, mkono wako na bureti havina shida. Kama nayo yanatawanyika, angalia vyombo. Kiputo cha hewa chini ya koki ndicho mwizi mkubwa: kikitoka katikati ya kazi unasoma mililita ambazo hazikuingia kwenye chupa. Faneli iliyosahaulika juu ya bureti hudondosha tone kwa wakati wake. Kioo chenye mafuta huacha matone yamening'inia ukutani, na ukiyaona hayo osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza, kisha suuza bureti kwa thayosalfeti yenyewe. Chupa ya koni isuuze kwa maji tu. Nimemwona mwanafunzi hodari akiisuuza kwa mmumunyo wa ayodeti, kwa nia njema kabisa, na kila jibu lake likapanda.

Kisha kuna udogo wa namba zenyewe. Chumvi yenye 18 inatumia mililita 1.7 tu. Tone moja ni kama mililita 0.05, yaani nusu miligramu kwa kilo, na bureti ya mililita 50 iliyo bora inaruhusiwa kukosea kiasi hichohicho. Ukiwa na bureti ya mililita 10, itumie. Kama huna, pima gramu 20 za chumvi badala ya 10 na uzidishe kwa 5.29.

Ayodeti ikikubali na chumvi ikatawanyika, kosa liko kwenye uchotaji. Chumvi hunyunyiziwa kwa bomba, na mkono wa mnyunyizaji haugusi kila punje sawa. Tena chumvi yetu ni ya majimaji, hasa msimu wa mvua. Maji yanaposhuka ndani ya gunia yanabeba ayodeti kwenda chini, na gunia likiwa la kupenyeza nyingine inatoka nje kabisa. Ukichota juu unapata kidogo, ukichota chini unapata nyingi, na kote umepima sawasawa. Chota juu, katikati na chini, vijiko vingi. Changanya kwenye karatasi safi, fanya kichuguu, kitandaze, kigawe robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, changanya tena, gawa tena, mpaka ubaki na kiasi unachohitaji. Saga kwenye kinu cha maabara kabla ya kupima gramu 10. Tangu tulipoanza kufanya hivi, majibu ya 22, 31 na 17 hatukuyaona tena.

(Kwa wanyunyizaji: bomba la chumvi liwe la chumvi peke yake. Lile la dawa ya mikorosho halioshwi likatakata.)

Majibu yanakubaliana, na bado si kweli

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu halina dalili ya nje. Mara tatu unapata jibu lilelile na moyo unatulia.

Mama mmoja mwenye shamba la chumvi alileta sampuli yake. Nilipata 1.70, 1.70 na 1.75. Nikamwambia, "Mama, ni kumi na nane hivi. Ndogo, lakini imepita." Akashukuru, akaondoka na karatasi. Siku iyo hiyo jioni nikiwa naosha vyombo nikainua chupa ya thayosalfeti kuirudisha kabatini, na mwanga wa dirishani ukapita ndani yake. Palikuwa na ukungu mwepesi kama maji yaliyooshewa mchele, na chini kabisa, kwenye kona ya kitako, mstari mwembamba wa vumbi la njano. Salfa. Thayosalfeti ilikuwa inavunjika.

Nilikuwa nimeitengeneza miezi miwili nyuma kwa maji ambayo sikuyachemsha, nikaiacha kwenye chupa nyeupe karibu na dirisha. Thayosalfeti ina maadui kadhaa: bakteria wanaokula salfa, kabonidayoksaidi iliyoyeyuka kwenye maji, mwanga, na chembe za shaba. Mimi nilikuwa nimewakaribisha karibu wote. Nikapima mililita 10 za ayodeti ya kiwango. Zilitakiwa kula mililita 10.0. Zikala 12.4. Maana yake thayosalfeti ilikuwa imeshuka kutoka molari 0.005 hadi karibu 0.0040, na chumvi ya mama haikuwa na 18, ilikuwa na 14.5.

Tazama upande wa kosa. Thayosalfeti ikidhoofika, unatumia mililita nyingi zaidi, na chumvi inaonekana na madini joto kuliko iliyonayo. Kosa linapendeza. Hakuna anayekuja kulalamika kwamba chumvi yake imepita.

Ayodeti ya kiwango haina ugumu wa kutengeneza. Kausha potasiamu ayodeti saa moja kwenye nyuzi 110 hadi 120, ipoeze mahali pakavu, pima gramu 1.784, yeyusha na ujaze mpaka lita 1. Chukua mililita 100 za hiyo ujaze tena mpaka lita 1. Mililita 10 za hii ya pili zinakula mililita 10.0 kamili za thayosalfeti ya molari 0.005. Kuanza na 1.784 na kuzimua ni bora kuliko kupima 0.1784 moja kwa moja, kwani mizani nyingi za shule haziioni tarakimu ya nne. Zima na feni unapopima.

Thayosalfeti nayo, tengeneza kwanza nzito, molari 0.1: gramu 24.8 za ile yenye fuwele kwa lita, kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, pamoja na ncha ya kijiko ya sodiamu kaboneti. Chupa ya kahawia, kabatini. Zimua mara 20 asubuhi ya kazi, pima dhidi ya ayodeti kabla ya sampuli ya kwanza, na andika usomaji huo juu ya ukurasa.

Yapo makosa mengine ya jinsi hii. Mizani iliyohama hukosea kila kitu kwa kiasi kilekile. Ijaribu kwa pipeti ya mililita 25 na maji safi, ambayo kwa joto la nyuzi 30 yanatakiwa kuwa na gramu 24.9 hivi. Chumvi mbichi yenye maji nayo hupimwa pamoja na maji yake, kwa hiyo andika kama umeipima mbichi au kavu, usije ukalinganisha visivyolingana.

Kesho yake nilikwenda shambani kwa yule mama. Nilimweleza kwamba kosa ni la dawa yangu, siyo la kipimo chake wala la mikono yake, na kwamba chumvi ile haikutosha. Alinisikiliza akiwa ameshika reki, kisha akauliza, "Mwalimu, na ile niliyouza Jumamosi?" Magunia mawili yalikuwa yamekwenda. Tuliyafuata kwa mwenye duka, yakarudi, yakanyunyiziwa upya pamoja na mengine na kuchanganywa kwa koleo la mbao.

Sampuli mpya niliichota mwenyewe, juu, katikati na chini. Thayosalfeti mpya, ayodeti ikala 9.95. Jaribio tupu, 0.05. Chumvi, 2.95, mara tatu. Ukitoa ya maji na kurekebisha nguvu ya thayosalfeti, ni miligramu 30.8 kwa kilo. Nikampa karatasi nyingine, na ile ya kwanza akanirudishia.